Ketupat Mlangoni kwa Seto

Debe la krupuk liliwekwa katikati ya mkeka kama miaka yote, lakini hakuna aliyethubutu kulifungua. Kulifungua ilikuwa kazi ya Seto.

Wening alilitazama lile debe la bati lenye kioo upande mmoja, akauona uso wake mwenyewe juu ya vile vitafunio vyeupe vya kukaanga vilivyojikunja, akageuza macho. Baraza ya nyumba ya Gendhis ilinukia kahawa na mchuzi wa fenesi bichi waliokula asubuhi. Viwanda vya sigara za karafuu mjini Kudus vilikuwa vimefungwa kwa sikukuu, lakini karafuu zilinukia mtaani vilevile, kana kwamba harufu haikupewa likizo.

"Jamani, tutakaa hivi mpaka krupuk ziote ukungu?" Gendhis alisema. "Seto angetutukana sote."

"Mimi angenitukana kwanza," Topan alidakia. "Alikuwa na orodha ya matusi yangu peke yangu."

Wakacheka, kicheko cha watu wanaopima kama sakafu itawabeba.

Desturi hiyo aliianzisha Seto mwenyewe tangu wakiwa shuleni. Kila mwaka, siku moja kabla ya Idi ya Ketupat, sikukuu ya wali wa kifuko cha makuti inayokuja wiki moja baada ya Idi kuu, marafiki hawa walikutana kabla ya kila mmoja kurudi kazini kwake, Jakarta au Semarang au kokote riziki ilikomtupa. Kila mmoja alitaja gemu alizocheza wakati wa likizo, akatoa hukumu yake bila kuficha. Gemu nzuri ilipewa krupuk tano, mbaya moja, na ile moja ilipondwa kiganjani mbele ya wote. Sasa Seto hakuwepo. Homa ya dengi ilimchukua kwenye mvua za mwaka jana, ndugu pekee wa Wening, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke.

Jati ndiye aliyenyoosha mkono, akafungua debe. Alifanya hivyo taratibu, halafu akamtazama Wening kama anayeomba ruhusa baada ya kitendo. Wening akamjibu kwa macho. Siku sita zilikuwa zimepita tangu mama yake aridhie ndoa yao, na kila Jati alipomtazama hivyo, alihisi damu inampanda shingoni kama msichana wa darasa la saba.

"Haya, Topan, anza wewe mwenye mdomo," Gendhis aliamuru.

"Mimi nimecheza ile ya mashujaa na majoka. Idi nzima! Shangazi zangu wanakuja kutakana radhi, nami natoa radhi huku kidole kiko kwenye upanga."

"Ndiyo maana mama yako anasema ana mtoto mmoja na kiti kimoja, na hajui kipi ni kipi."

"Nisikilize kwanza! Picha zake, wallahi, unaona mpaka umande kwenye nyasi. Farasi anahema, unamwonea huruma. Lakini mwisho wake! Unapanda mlima wiki nzima, unapoteza usingizi, unamfikia joka mkubwa. Mapigo matatu, chali! Nilikaa nikamwangalia. Nikamwambia, 'Amka, bwana, hatujamaliza.'"

"Krupuk ngapi?"

"Mbili. Moja ya farasi, moja ya umande."

Gendhis naye akaeleza gemu yake ya kuendesha mgahawa. "Hebu nioneni mimi mwendawazimu. Natoka jikoni kwa mama mkwe, nimepika kuku wa tui kwa watu arobaini, mgongo unaniuma. Najitupa kitandani nipumzike. Nafungua simu. Napika tena! Wateja wa kwenye simu nao wananinunia kama mawifi zangu."

"Sasa kwa nini usiifute?"

"Kwa sababu wale wa kwenye simu nikiwachoka nawafukuza." Akajichotea krupuk nne bila kuulizwa. "Nne. Ningeipa tano, ila haina mtu wa kuosha vyombo."

Hata Wening alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Idi iingie, na kicheko chenyewe kilimshtua.

"Zamu ya bwana harusi," Topan alisema. "Fundi wa majokofu, umegandisha nini mwaka huu?"

Jati alijikuna kisogo. Alikuwa mrefu mwenye mabega mapana, mtu wa maneno machache, na akitaka kusema jambo lililo karibu na moyo wake alilianzia mbali. "Mimi sikucheza gemu mpya."

"Sheria ni sheria. Taja hata ya zamani."

"Basi ni moja tu. Bustani ya Mawingu."

Tabasamu la Wening likaganda.

"Ile ya kulima maua?" Gendhis aliuliza. "Si ilikuwa ya Seto ile? Tulimcheka weee, mwanaume mzima anapalilia asumini kwenye simu."

"Ndiyo. Shamba ni la Seto." Jati aliinamisha kichwa, akaanza kukizungusha kikombe chake. "Kabla hajaondoka alinipa neno lake la siri. Maua ya mle yasipomwagiliwa kila siku hufa. Basi nimekuwa naingia kwa jina lake, kila nikimaliza sala ya alfajiri. Namwagilia, natoka. Sikuwahi kusema kwa sababu... basi tu. Usiku wa kuamkia Idi wenye gemu walimpa kila mchezaji ketupat ya kupamba nyumba yake. Nikaitundika mlangoni kwake. Nikasema, na yeye ale Idi." Akainua uso. "Kama gemu, ni ya kuchosha kidogo. Muziki mmoja tu, unajirudia. Lakini ukiizima, moyo unakuwa umetulia. Mimi naipa tano."

Gendhis alikuwa ameanza kufuta macho kwa ncha ya ushungi. Topan alijifanya anatafuta kitu chini ya mkeka.

Wening alisimama. Kikombe chake kilipinduka, kahawa ikatambaa mpaka kwenye debe, naye hakugeuka.

Jati alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya kuanikia, amesimama kati ya saruni mbili zilizolowa. Alidhani analia kwa kumkumbuka ndugu yake. Akamsogelea kwa upole.

"Ning, nisamehe. Sikutaka kukuliza mbele ya watu."

"Ni wewe," Wening alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Mas Jati," alimwita kwa heshima kama kawaida, "ile ketupat ni wewe."

"Nimesema ni mimi. Kuna ubaya gani?"

"Mama anajua ni Seto."

Jati hakuelewa. Ikabidi Wening amweleze, maneno yakimtoka vipande vipande. Mwezi wa Ramadhani, baada ya kufuturu, upweke ulimzidi. Akapakua ile gemu kwenye simu yake, akajiandikisha kwa jina la uongo, akatembelea shamba la nduguye kama mtu anayezuru kaburi. Alitarajia kukuta magugu. Alikuta asumini zimechanua, nyeupe, zinameta maji. Mama yake, Bu Warsi, alikuwa nyuma ya bega lake. Akauliza, "Hilo shamba la nani?" Akajibiwa. Akauliza tena, "Na nani anayemwagilia?"

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu! Ningesema nini? Tangu siku ile, kila baada ya futari ananiambia, 'Fungua nimwone mwanangu.' Akiona maua mabichi anakula. Unajua alikuwa hali, Mas. Unajua alivyokuwa amekonda. Asubuhi ya Idi tukafungua, tukaona ketupat inaning'inia mlangoni."

Jati alifumba macho. Sasa alielewa. Huku kwao, mama aliyefiwa na mtoto husuka ketupat moja ndogo siku ya Idi ya Ketupat, akaitundika juu ya mlango ili mtoto akipita asiondoke na njaa.

"Alisema, 'Amenitangulia. Ameniwekea yeye kabla mimi sijamwekea.'" Sauti ya Wening ilianza kutetemeka. "Saa ileile ukaja wewe, ukapiga magoti, ukamwomba radhi. Halafu ukaniposa. Naye akakushika kichwa akasema, 'Mfunguo Tatu, mwanangu. Mfungishwe ndoa Mfunguo Tatu.' Yeye na mjomba walikwisha kusema hakuna harusi nyumba hii mpaka zitimie siku elfu tangu kifo cha Seto. Ulidhani alibadilika kwa nini?"

Saruni zilipeperuka baina yao, zikatulia.

"Nilidhani ameniona mimi," Jati alisema.

Alilisema polepole, bila hasira, na Wening alitamani angepiga kelele. Mwaka mzima Jati alikuwa akienda kwa Bu Warsi kurekebisha paa, kumpeleka hospitali, kukaa naye barazani bila kusema kitu. Siku ile ya Idi alitoka mle ndani anatembea kama mtu aliyevishwa taji. Kampuni yake ilikuwa inamhamishia Makassar mara tu baada ya mwezi huo wa Mfunguo Tatu. Ama waondoke mke na mume, ama bahari ikae kati yao, miaka wasiyoijua.

"Kumbe si mimi niliyekubaliwa," alisema tena.

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Na wewe uliona ile ketupat. Hukujiuliza hata mara moja ni nani?"

Wening alishika ncha ya saruni, akaikamua ingawa haikuwa na maji tena. "Nilijua lazima yuko mtu. Maiti hashiki simu, si mjinga mimi. Lakini sikutaka kumjua. Nilikuwa namwachia ndizi mlangoni, zile za zawadi, nikisema hata kama ni nani, asante."

"Ndizi?" Jati alimkazia macho. "Sisimizi? Wewe ndiye Sisimizi?"

Wening aliitikia kwa kichwa.

"Mwezi mzima naokota ndizi za Sisimizi, najiuliza huyu mtu mwema katoka wapi." Kicheko kilimtoka. "Tumekuwa tunapishana mlango mmoja, Ning. Wewe jioni, mimi alfajiri. Na wala hatukuambizana."

"Mama alinikataza. Alisema mambo kama haya yakitajwa huondoka. Na wewe? Kwa nini ulinificha?"

"Seto ndiye aliyetaka. Unakumbuka ile siku homa ilipotulia, tukadhani amepona, wewe ukaenda kumnunulia uji? Ndiyo siku aliyonipa neno la siri. Alisema zile asumini amezipanda kwa harusi yako. Mle ndani zikitimiza kitu kama miaka miwili zinakuwa taji la bibi harusi. Alitaka akuonyeshe siku ya ndoa, akucheke, akwambie, 'Dada, gharama za maua nimelipa mimi.' Akasema nisiziache zikauke, na nisikwambie."

Sasa Wening alilia. Jati alinyoosha mkono, ukaishia hewani, maana walikuwa uani kwa watu na hawajaoana bado. Akaishika ile saruni upande wa pili, karibu na vidole vyake, wakasimama hivyo wameshikana kwa kitambaa cha mtu mwingine.

"Tumwambie," Jati alisema hatimaye.

"Nani? Mama? Hapana!"

"Kesho ni Ketupat, Ning. Kesho atanipakulia kwa mkono wake. Nitaimezaje?"

"Utaimeza! Wengine wamemeza makubwa zaidi. Tusubiri tuoane, halafu..."

"Halafu nimwambie nimeshamchukua binti yake kwa ketupat ya simu?"

"Ukimwambia unamzika Seto mara ya pili. Mimi nilimwosha mama yule, Mas. Nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulikuwa unakuja na kuondoka. Huwezi kujua!"

"Kweli, sijui. Ninachojua, nikinyamaza, shahidi wa ndoa yetu atakuwa marehemu ambaye hakuitundika ile ketupat. Siwezi kumsingizia Seto. Hata kwa ajili yako siwezi."

Wening aliiachia saruni. "Basi hunipendi kama nilivyodhani."

Alijua ni uongo hata kabla haujamaliza kutoka. Jati alipokea yale maneno kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameutarajia. Akageuka, akaenda kuvaa viatu vyake; Wening akamfuata mpaka nyumbani kwao.

Walimkuta Bu Warsi ameketi sebuleni sakafuni, amezungukwa na makuti machanga ya mnazi. Mikono yake ilikuwa imesokota sigara kiwandani tangu ujana, ikawa haijui kutulia. Vifuko vya ketupat vilimtoka vidoleni kimoja baada ya kingine, na karibu na goti lake kilikuwa kimoja kidogo, kimesukwa kwa makini kuliko vyote.

"Mmekuja mapema! Jati, mwanangu, kaa. Wening, mletee mwenzako chai. Mbona mna sura kama mmepigwa na mvua?"

Jati hakukaa. Alipiga magoti pale pale, sentimita chache kutoka kwenye makuti, kama alivyopiga siku ya Idi. "Ibu, nimekuja kuomba radhi."

"Si ulishaomba? Radhi haina kiporo, mwanangu."

"Hili sikulijua siku ile."

Akamweleza. Hakujitetea, wala hakupamba. Alisema alipewa neno la siri na Seto, kwamba aliahidi maua hayatakauka, kwamba hakujua kama Ibu anayatazama. Kuhusu harusi na taji la asumini hakusema hata neno. Wening aliyekuwa mlangoni na sinia la chai alingoja alitaje. Alimsihi kwa macho. Jati aliyaona macho yake, akayapita.

Vidole vya Bu Warsi vilikuwa vimesimama. Wening hakukumbuka kuviona vimesimama hivyo tangu siku ya mazishi.

"Na ile ketupat?" mama aliuliza.

"Ni mimi, Ibu."

"Na siku ile maua mekundu yalipotokea kwenye uzio. Siku ya kuzaliwa kwake."

"Ni mimi."

"Hakuna hata siku moja..." Hakumalizia. Alikichukua kile kifuko kidogo, akakigeuzageuza, akakiweka chini. "Nenda nyumbani, Jati."

"Ibu..."

"Sikufukuzi. Nakwambia nenda nyumbani. Umefanya vizuri kuniambia. Lakini nilikuwa nimempata mwanangu, na wewe umemrudisha alikokuwa. Sina uso wa kukutazama leo."

Jati aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akainuka, akatoka. Mlangoni alipishana na Wening. Wala hakuomba atazamwe. Viatu vyake vilisikika kwenye kokoto, vikafifia.

"Nilikubali Mfunguo Tatu kwa sababu nilidhani Seto mwenyewe ametoa ruhusa," Bu Warsi alisema bila kugeuka. "Hakutoa. Tutangoja siku elfu zake, kama mjomba wako alivyosema. Anayekupenda atangoja."

"Anakwenda Makassar, Ibu."

"Makassar nako watu wanangoja."

Idi ya Ketupat ikaja. Majirani waliingia na kutoka na vyano vyao, wakala ketupat kwa mchuzi wa tui, wakatakana radhi, wakamsifu bibi harusi mtarajiwa. Wening alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Juu ya mlango wa mbele ilining'inia ile ketupat ndogo. Mama yake aliitundika alfajiri akiwa juu ya kigoda, akakataa kusaidiwa. Kila mgeni mrefu aliinama akiipita, na hakuna aliyeuliza.

Sahani ya Jati ilibaki imefunikwa kwa kawa pembeni mwa meza. Bu Warsi ndiye aliyeipakua, kwa mazoea pengine. Hakuiondoa.

Alasiri nyumba ilipopoa, mama aliketi karibu na dirisha. Alikaa, akakunja miguu, akaikunjua.

"Lete simu," alisema.

"Ibu, kwa nini ujitese?"

"Lete, nimesema. Fungua."

Wening akafungua. Ule muziki mmoja ukaanza, ule unaojirudia. Shamba likatokea, na mlango wenye ketupat, na chini yake asumini. Zilikuwa zimeinama zote. Petali za pembeni zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya chai.

Bu Warsi alivaa miwani. "Mbona yamelala?"

"Hayajamwagiliwa."

"Kwa nini?"

"Nadhani anaogopa, Ibu. Anadhani akiingia tena utaona anakuchezea. Ameona akuachie wewe uamue."

"Na yakifa?"

"Yakifa yamekufa. Hayarudi."

Mama aliinua kidole chake kilichokakamaa kwa tumbaku, akagusa ua moja kwenye kioo, kwa namna mtu anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Hakuna kilichotokea. Kwa jina la Sisimizi huwezi kumwagilia shamba la mtu. Unaweza kuacha ndizi tu.

"Huyu mtoto hakuwahi kupanda hata pilipili hapa uani," Bu Warsi alisema. "Nikimwambia amwagilie mchicha anasema mgongo unamuuma. Kilichomwingia kupanda asumini ni nini?"

Jati alikuwa amelificha neno hili jana alipoungama, na Wening alikuwa amekesha usiku kucha akimlaumu, kisha akimwelewa, kisha akimlaumu tena. Sasa alikuwa ameulizwa.

"Ni za harusi yangu, Ibu."

"Nini?"

"Alizipanda ziwe taji. Zitimie siku ya ndoa. Alimwachia Mas Jati azitunze mpaka siku hiyo. Ndiyo ahadi yenyewe."

Bu Warsi alivua miwani. "Jati alilijua hili jana?"

"Analijua tangu hospitali."

"Alipiga magoti pale," mama alisema, akiuonyesha mkeka, "nikamwambia aende, na neno hili analo mdomoni?"

"Analo."

"Na hakulisema."

"Alisema hawezi kumsingizia Seto. Nadhani hakutaka kumtumia pia."

Muziki ulijirudia. Bu Warsi aliutazama mkeka ule mtupu kwa kitambo kirefu, midomo yake ikichezacheza bila sauti. Halafu akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayemaliza dua.

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie maua yanakufa, anakaa kwao anafanya nini? Aje. Na anifundishe mimi mwenyewe namna ya kumwagilia. Wewe unabonyezabonyeza tu, huelezi."

"Na Mfunguo Tatu, Ibu?"

"Nimezungumza habari ya maua, Wening. Usinitie maneno mdomoni."

Lakini alisimama, akaifunua ile sahani, akaigusa kwa nyuma ya mkono, akaenda nayo jikoni kuipasha moto.

Jati alifika jua likiwa bado juu ya mapaa, kifua kikimpanda na kushuka, shati limefungwa vifungo vibaya. Alisimama nje ya kizingiti, hajui kama aingie. Wening alikuwa ndani, kiganja kifuani. Walitazamana, na kila mmoja aliona jinsi mwenzake alivyokosa usingizi. Hakuna aliyetabasamu. Wening alitaka kumwambia kwamba lile neno la jana kwenye kamba ya nguo lilikuwa uongo, lakini mama yake alikuwa ametokea jikoni na sahani mkononi, mvuke ukimpita usoni.

"Umesimama unapima mlango?" Bu Warsi alisema. "Ingia, chakula kinapoa mara ya pili."

Jati akavua viatu, akapiga hatua haraka, na kichwa chake kikaelekea moja kwa moja kwenye ile ketupat ndogo.

"Inama!" mama alimpigia kelele. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo Wening hakuisikia mwaka mzima, akaongeza, "Inama, mwanangu. Hiyo ni ya mdogo wako."